Leseni na funguo za Windows: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo ambayo wenye kompyuta wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe huyarudia wanapofika kwa fundi, iwe ni mwanafunzi mwenye laptopu moja au mhasibu wa shule yenye maabara nzima. Majina ya menyu yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa sababu kompyuta nyingi hapa kwetu zimewekwa kwa Kiingereza. Jibu linapohitaji maelezo yaliyokwisha kutolewa kwingine, msomaji anaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Windows 10 na Windows 11 zinatofautianaje na Home na Pro?

Namba hutaja kizazi cha mfumo. Windows 10 ilitolewa tarehe 29 Julai 2015, na Windows 11 tarehe 5 Oktoba 2021. Home, Pro, Education na Enterprise ni matoleo ndani ya kizazi kimoja, yanayotofautiana kwa uwezo na kwa bei.

Tofauti hii ndiyo inayowachanganya watu wengi. Leseni hufuata toleo kuliko inavyofuata namba: ufunguo halali wa Windows 10 Pro huamilisha Windows 11 Pro (huifanya itambuliwe kuwa halali) bila malipo ya ziada, ilhali ufunguo wa Windows 11 Home hauwezi kuamilisha Windows 11 Pro hata kompyuta ikiwa mpya kutoka kwenye boksi. Kwa hiyo mtu anayesema tu kwamba ana "ufunguo wa Windows 11" bado hajamwambia fundi jambo ambalo fundi anahitaji kulijua.

Leseni ni nini, na ufunguo ni nini?

Leseni ni ruhusa ya kutumia programu chini ya masharti fulani. Ufunguo ni herufi na tarakimu 25, zilizopangwa katika mafungu matano ya herufi tano tano, ambazo huuthibitishia mfumo kwamba ruhusa hiyo ipo. Tangu Windows 10, uthibitisho huo mara nyingi haukai kwa mtumiaji kabisa: kompyuta ikishaamilishwa, seva za Microsoft hutunza kumbukumbu inayohusisha toleo lililoamilishwa na vifaa vya kompyuta ile, hasa madabodi, yaani bodi kuu ya ndani. Hiyo ndiyo leseni ya kidijitali. Ukisakinisha upya toleo lilelile kwenye mashine ileile, mfumo hujiamilisha wenyewe mara tu unapopata intaneti, nawe huhitaji kuandika ufunguo wowote.

Kuna pia ufunguo uliofichwa ndani ya mashine. Kompyuta zilizouzwa na watengenezaji zikiwa na Windows 8 au vizazi vya baadaye huwa na ufunguo ulioandikwa kwenye BIOS (programu ndogo ya kuwashia mashine, iliyomo kwenye madabodi), na ndiyo maana haina haja kuutafuta kwenye stika. Kwa mashine za Windows 7 hali ilikuwa kinyume: ufunguo ulichapishwa kwenye stika chini ya laptopu au kwenye betri, na stika hizo nyingi zimekwisha kufutika kwa jasho la mikono na mabegi ya shule.

Nitajuaje kompyuta yangu ina leseni ya aina gani?

Fungua Settings, kisha System, kisha Activation; kwenye Windows 10 ukurasa huo uko ndani ya Update & Security. Hapo utaona toleo na hali ya uamilishaji. Maneno yanayotaja leseni ya kidijitali ni habari njema, na yakiongeza kwamba imeunganishwa na akaunti yako ya Microsoft ni bora zaidi. Maneno yanayotaja huduma ya uamilishaji ya taasisi yako, ilhali laptopu ni yako binafsi na wewe si mwajiriwa wa taasisi yoyote, yanapaswa kukutia shaka.

Kwa maelezo ya kina zaidi, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi na uandike slmgr /dli. Dirisha dogo litatokea likionyesha herufi tano za mwisho za ufunguo na njia iliyopitiwa. Neno OEM_DM maana yake leseni ilikuja na mashine kutoka kiwandani. RETAIL maana yake ilinunuliwa peke yake, au ilipatikana kwa njia ya kuboresha mfumo. VOLUME_MAK na VOLUME_KMSCLIENT ni leseni za taasisi. Amri slmgr /xpr nayo hueleza kama uamilishaji ni wa kudumu au una tarehe ya kwisha.

Kwa nini aina ya leseni inanihusu, ikiwa kompyuta inafanya kazi?

Kwa sababu aina ndiyo inayoamua nini kitatokea mashine ikiharibika au ikiuzwa. Leseni ya OEM huishi na kufa na kompyuta iliyokuja nayo, na kwa masharti yake haihamishwi kwenye mashine nyingine. Leseni ya rejareja inaweza kuhamishwa, alimradi iondolewe kwanza kwenye mashine ya zamani kwa amri slmgr /upk. Leseni ya taasisi si mali ya mtu binafsi, hata kama fundi ameiweka kwenye laptopu yako kwa mkono wake mwenyewe.

Nifanye nini kabla ya kumpa fundi kompyuta ili "apige Windows" upya?

Piga picha ya ukurasa wa Activation kwa simu yako, na picha nyingine ya matokeo ya slmgr /dli. Unganisha leseni na akaunti ya Microsoft ikiwa bado. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, pamoja na yale yasiyoonekana kwa urahisi, kama data za programu ya uhasibu ya Tally, ambazo mara nyingi hukaa kwenye folda yake yenyewe na si kwenye Documents. Hakikisha pia unao ufunguo wa BitLocker, jambo ambalo limeelezwa katika sehemu ya kusakinisha upya.

Kisha mwambie fundi kwa maneno yasiyo na utata: "Rudisha toleo lilelile lililokuwepo." Fundi mwenye haraka huwa na fleshi moja yenye toleo moja, aghalabu Pro, naye huisakinisha kwenye kila mashine inayopita mezani kwake. Laptopu iliyokuwa na leseni halali ya Home hutoka pale ikiwa na Pro isiyo na leseni, imefunikwa kwa kiamilishi cha wizi (programu inayoidanganya Windows kwamba ina leseni), na mwenyewe hulipia huduma iliyomwacha pabaya kuliko alipokuwa.

## Kupandisha toleo

Je, ninahitaji Pro kweli?

Wengi hawahitaji. Kuandika barua, kutumia Excel, kuchapisha kwenye steshenari, kufanya mikutano ya video na kutumia mifumo ya serikali kupitia kivinjari, yote hayo Home huyafanya sawasawa. Kasi ya kompyuta haiongezeki kwa kuweka Pro; anayetafuta kasi ni afadhali fedha hiyo ainunulie diski ya kasi, yaani SSD.

Pro inahitajika pale kompyuta inapotakiwa kujiunga na domeni ya ofisi, kusimamiwa kwa Group Policy, kuendesha mashine pepe kwa Hyper-V, kusimamia BitLocker kikamilifu, au kupokea Remote Desktop. Hilo la mwisho ndilo sababu ya kawaida zaidi kwa biashara za huku: mwenye duka la pembejeo Mbeya mjini aliye na tawi Makambako anataka karani wa tawi aifungue kompyuta ya ofisi kuu kwa mbali. Kompyuta inayofunguliwa ndiyo inayohitaji Pro. Ile inayofungulia inaweza kubaki Home.

Ninawezaje kutoka Home kwenda Pro bila kufuta kitu?

Hakuna haja ya kusakinisha upya. Uwezo wa Pro tayari umo kwenye diski yako, na ufunguo huufungulia tu. Kwenye ukurasa wa Activation chagua kubadili ufunguo, andika herufi 25 za ufunguo halali wa Pro, kisha uache kompyuta ijiwashe upya. Mafaili, programu na mipangilio hubaki. Njia nyingine ni kununua upandishaji huo ndani ya Microsoft Store, ambako bei iliyotangazwa kwa Marekani ni dola 99, ilhali leseni kamili ya rejareja hutangazwa kwa dola 139 kwa Home na 199 kwa Pro.

Nakili mafaili kabla ya kuanza hata hivyo. Umeme ukikatika katikati ya hatua hii kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, mfumo unaweza kubaki nusu njia, na msimu wa mvua za radi Tukuyu na Rungwe si wakati wa kujaribu bahati. Laptopu nayo iwe na betri inayotunza chaji, iliyojazwa kabla ya kuanza.

Nimeandika ufunguo, kompyuta imekataa. Namba ya hitilafu inamaanisha nini?

Namba chache hujirudia kuliko nyingine. 0xC004F050 maana yake ufunguo si sahihi kwa mfumo huo: umekosea herufi, au ni wa toleo lingine. Angalia kwanza kama umesoma 8 badala ya B. 0xC004C008 maana yake ufunguo umekwisha kutumika kwenye kompyuta nyingi kuliko unavyoruhusiwa. 0xC004C003 maana yake seva imeukataa ufunguo, aghalabu kwa sababu umezuiwa, na hii ndiyo namba inayowapata sana wanaonunua funguo mitandaoni. 0xC004F211 huja baada ya kubadili vifaa. 0xC004F074 maana yake kompyuta inatafuta seva ya taasisi na haiipati.

Hitilafu inapotokea wakati wa kupandisha toleo kwenye kompyuta yenye intaneti dhaifu, baadhi ya mafundi hukata intaneti, huweka ufunguo wa jumla ambao Microsoft imeutoa kwa ajili ya kubadili toleo tu, kisha huunganisha tena na kuweka ufunguo halisi. Njia hiyo ni sahihi. Ufunguo wa jumla hubadilisha toleo lakini hauamilishi chochote, kwa hiyo anayekuuzia huo kana kwamba ni leseni anakuuzia kitu kinachopatikana bure.

Je, ninaweza kurudi kutoka Pro hadi Home?

Si kwa kubadili ufunguo. Kushuka toleo kunahitaji kusakinisha Home upya kwenye diski iliyofutwa. Ikiwa laptopu ilitoka kiwandani na Home, leseni ile bado imo kwenye BIOS, na itajiamilisha ukishamaliza.

Vipi kuhusu Education na Enterprise?

Home inaweza kwenda Education kwa ufunguo, na Pro inaweza kwenda Education au Enterprise. Home haiendi Enterprise moja kwa moja; hupitia Pro kwanza. Mwanafunzi apewe ufunguo wa Education na chuo chake kupitia utaratibu rasmi. Ufunguo unaozunguka kwenye kundi la WhatsApp la darasa si utaratibu rasmi, hata kama ulitoka kwa mtu wa idara ya TEHAMA.

Windows 10 imekwisha muda wake. Je, leseni yangu nayo imekwisha?

Leseni haijaisha. Kilichokoma tarehe 14 Oktoba 2025 ni masasisho ya bure ya usalama na msaada wa kiufundi. Kompyuta itaendelea kuwaka na kubaki imeamilishwa, ila mianya mipya ya usalama haitazibwa. Kwa watu binafsi Microsoft ilifungua mpango wa masasisho ya nyongeza unaofika tarehe 13 Oktoba 2026, kwa malipo ya dola 30, kwa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi nakala ya mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft.

Kuhamia Windows 11 ni bure kwa mwenye leseni, lakini mashine lazima iwe na sifa: prosesa ya biti 64 iliyomo kwenye orodha inayokubaliwa (kwa Intel ni kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache), RAM ya GB 4, diski ya GB 64, UEFI (BIOS ya kisasa) yenye uwezo wa Secure Boot, na TPM 2.0, ambayo ni sehemu ya usalama ya kutunzia funguo za siri. Kabla ya kukata tamaa ingia BIOS uangalie: TPM mara nyingi ipo ila imezimwa, nayo kwenye Intel huitwa PTT na kwenye AMD fTPM. Ikiwa diski imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, zana ya mbr2gpt iliyomo ndani ya Windows huibadilisha bila kufuta mafaili. Laptopu za mtumba zenye prosesa za kizazi cha 4 hadi cha 6, ambazo zimejaa kwenye maduka ya Mwanjelwa na Kabwe, hazifikii kipimo. Zipo mbinu za kuruka ukaguzi huo, lakini mashine ya namna hiyo haina ahadi ya kuendelea kupata masasisho, na sishauri ofisi inayotunza kumbukumbu za wateja iitegemee.

Nina ufunguo wa Windows 7 uliokuwa ukikubali Windows 10. Kwa nini sasa unakataa?

Ofa ya kuboresha bure kutoka Windows 7 na 8.1 ilikoma rasmi tarehe 29 Julai 2016, lakini seva ziliendelea kukubali funguo hizo kwa miaka mingi, na mafundi wakaizoea njia hiyo. Mwezi Septemba 2023 Microsoft iliifunga. Kompyuta zilizokwisha kupata leseni ya kidijitali kabla ya hapo hazikuguswa.

## Kusakinisha upya

Je, nitapoteza leseni diski ikifutwa yote?

Hapana, alimradi toleo ni lilelile na madabodi ni ileile. Leseni haikai kwenye diski. Ndiyo maana unaweza kuitoa diski ya zamani, ukaweka SSD mpya tupu, na Windows ikajiamilisha yenyewe. Kisakinishi kikikuomba ufunguo, chagua kwamba huna, kisha chagua toleo lako.

Je, lazima nisakinishe upya, au kuna njia nyepesi?

Mara nyingi njia nyepesi inatosha. Reset this PC, iliyomo ndani ya Settings kwenye sehemu ya Recovery, husakinisha Windows upya ikabakiza mafaili yako ukichagua hivyo, ingawa programu ulizoongeza huondoka. Hubakiza toleo lililopo, hivyo haigusi suala la leseni. Ikiwa mfumo bado unawaka na unataka programu zibaki pia, endesha faili la setup lililomo kwenye fleshi ya usakinishaji ukiwa ndani ya Windows, na uchague kubakiza vyote. Nionavyo mimi, nusu ya kompyuta zinazofutwa kabisa zingepona kwa njia hii ya pili.

Usakinishaji unakula bando kiasi gani?

Faili la usakinishaji la Windows 11 lina ukubwa unaozidi GB 5, na masasisho ya baada ya hapo huongeza. Fleshi inapaswa kuwa na nafasi ya GB 8 au zaidi. Kupakua tena kwa kila kompyuta ni kutupa fedha: pakua mara moja, kwa bando la usiku au kwenye intaneti ya chuo, kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, kisha fleshi hiyo itumike kwa mashine zote. Kuamilisha kwenyewe kunatumia data kidogo mno, na hotspoti ya simu inatosha. Usipokee faili la usakinishaji kutoka kwa mtu asiyejulikana eti kwa sababu ni "jepesi". Mafaili yaliyopunguzwa na watu binafsi yameondolewa vitu na huenda yameongezwa vingine.

Nimenunua Pro, lakini kisakinishi hakikuniuliza toleo, kimeweka Home. Kwa nini?

Kisakinishi kimesoma ufunguo wa Home ulioandikwa kwenye BIOS kiwandani, kikaamua bila kuuliza. Hali hii humpata kila aliyepandisha laptopu ya kiwandani kutoka Home hadi Pro kisha akaifuta. Leseni yake ya Pro haijapotea. Iko kwenye seva. Mfumo ukishawaka, unganisha intaneti, fungua Activation na uendeshe Troubleshoot: ukiikuta leseni ya kidijitali ya Pro kwa mashine ile, utakupandisha wenyewe. Ikishindikana, andika ufunguo wako wa Pro kama ilivyoelezwa katika swali la kutoka Home kwenda Pro.

Anayetaka kulizuia jambo hili mapema anaweza kutengeneza faili la maandishi liitwalo ei.cfg ndani ya folda ya sources kwenye fleshi, lenye mistari ifuatayo, na kisakinishi kitaonyesha orodha ya matoleo:

[EditionID]

[Channel]
Retail
[VL]
0

Nimebadili vifaa. Je, leseni itabaki?

Kuongeza RAM au kubadili diski hakuna athari kwa kawaida. Kubadili madabodi ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa seva huiona kompyuta hiyo kuwa mpya. Mwenye leseni ya rejareja iliyounganishwa na akaunti ya Microsoft aendeshe Troubleshoot na achague kwamba amebadili vifaa hivi karibuni, kisha aitambue kompyuta yake kwenye orodha. Mwenye leseni ya OEM kwa kawaida anakuwa ameipoteza, isipokuwa pale mtengenezaji mwenyewe anapobadilisha madabodi mbovu kwa kasoro. Hili lihesabiwe kwenye gharama kabla ya kukubali kufungiwa madabodi ya mtumba: matengenezo yanayoonekana nafuu huongezeka bei ya leseni nzima.

Kompyuta inaniomba ufunguo wa tarakimu 48. Huo ni wa nini?

Huo hauhusiani na leseni. Ni ufunguo wa kufungulia diski iliyosimbwa kwa BitLocker, nao huombwa baada ya kubadili mipangilio ya BIOS, TPM au madabodi. Watu wengi hawajui kwamba diski zao zimesimbwa, maana Windows 11 kwenye mashine nyingi mpya husimba yenyewe pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, hata kwenye Home. Ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu, tafuta sehemu ya vifaa, na ufunguo utaukuta umehifadhiwa humo. Usipokuwepo popote, mafaili hayapatikani tena. Hakuna fundi wa Iringa wala wa Dar es Salaam mwenye njia ya kuyafungua, na anayedai anayo anatafuta malipo ya awali.

## Funguo za bei chee na viamilishi

Kuna mtu anauza ufunguo wa Pro kwa shilingi elfu kumi na tano, na unafanya kazi. Kuna ubaya gani?

Linganisha bei hiyo na ile iliyotajwa katika sehemu ya kupandisha toleo, na ujiulize tofauti inatoka wapi. Funguo za namna hii huwa ni za MAK (ufunguo mmoja wa taasisi kwa mashine nyingi) zilizovuja kutoka taasisi fulani, au za OEM zilizotolewa kwenye mashine zilizokufa, au zilizonunuliwa kwa kadi za wizi. Huamilisha kweli siku ya kwanza. Taasisi au Microsoft ikigundua, ufunguo huzuiwa, na maandishi ya kudai uamilishaji hurudi kwenye kona ya skrini miezi kadhaa baadaye, wakati muuzaji amekwisha kubadili namba ya simu. Ufunguo unaofanya kazi na leseni halali ni vitu viwili tofauti, na ofisi inayokaguliwa hesabu zake huulizwa kuhusu hicho cha pili: risiti iko wapi?

Fundi ameweka kiamilishi. Kinafanyaje kazi, na nikiondoeje?

Viamilishi vingi huigiza, ndani ya kompyuta yako, seva ya KMS, yaani ile ambayo taasisi huitumia kuamilisha kompyuta zake. Uamilishaji wa KMS hudumu siku 180 tu, kwa hiyo kiamilishi hujipangia kazi ya kujirudia kwa siri, na ili kisifutwe humwomba fundi azime Windows Defender au akiweke kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa. Programu yenye mamlaka kamili, inayojiendesha yenyewe huku ulinzi umefumba macho, ndiyo mlango ambao wezi wa nywila huutafuta. Mtu anayefanya miamala ya benki kwenye mashine hiyo anajiweka hatarini kwa ajili ya kuondoa maandishi ya kona ya skrini.

Kukitoa kwa kubahatisha si kazi ya kuaminika. Nakili mafaili, futa diski, sakinisha toleo ambalo mashine ina leseni nalo. Laptopu nyingi zilizowekewa viamilishi zina ufunguo halali wa Home kwenye BIOS ambao haujawahi kuguswa. Amri hii ya PowerShell itauonyesha kama upo: (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Je, naweza kutumia Windows bila kuiamilisha?

Kiufundi inawaka na kufanya kazi nyingi. Utaona maandishi kwenye kona, na hutaweza kubadili mandhari na rangi kupitia Settings. Kwa masharti ya leseni hiyo si hali ya kudumu, lakini kwa usalama ni afadhali mara nyingi kuliko kiamilishi.

Sheria ya Tanzania inasemaje?

Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kunakili na kuuza programu bila idhini ni kosa chini yake, na anayeifanya kuwa biashara yuko pabaya kuliko mtumiaji mmoja. Shule, zahanati na kampuni ndizo zenye la kuogopa zaidi, kwa kuwa zina majina, majengo na vitabu vya hesabu.

Sina fedha ya leseni, na mashine haina yoyote. Nifanyeje?

Weka Linux Mint au Ubuntu. Hazina funguo wala uamilishaji, huenda vizuri kwenye mashine za zamani, na LibreOffice hufungua mafaili ya Word na Excel, ingawa mpangilio wa jedwali tata unaweza kuyumba. Asiyefaa njia hii ni yule anayetegemea programu ya Windows pekee, kama ya uhasibu.

## Shule na ofisi

Tuna kompyuta 20. Je, tunaweza kununua ufunguo mmoja?

Ufunguo mmoja wa rejareja ni wa kompyuta moja. Ufunguo wa MAK ndio unaohesabu mashine kadhaa, na hupatikana kwa mkataba wa taasisi. Jambo linalosahaulika ni kwamba leseni ya Windows ya mkataba huo ni ya kuboresha tu: kila kompyuta lazima iwe tayari na leseni halali ya msingi. Shule iliyopewa kompyuta tupu na wafadhili haiwezi kuanzia hapo. Kabla ya kupokea msaada wa kompyuta za mtumba, iulize kama zinakuja na leseni kutoka kwa mtengenezaji-upya aliyeidhinishwa na Microsoft.

Tumeweka seva ya KMS, lakini kompyuta zote zinakataa kuamilika.

Hesabuni mashine. KMS haianzi kuamilisha mpaka kompyuta 25 ziwe zimeiomba, na kwa mifumo ya seva ni 5. Maabara ya kompyuta 20 haitafika kamwe, na inapaswa kutumia MAK.

Shule yetu iko Makete na haina intaneti. Tutaamilishaje?

Kwa MAK, zana ya Microsoft iitwayo VAMT huwezesha kompyuta moja kukusanya maombi ya mashine nyingine, kwenda nayo penye intaneti, na kurudi na vithibitisho. Kwa mashine zenye leseni ya kidijitali, hotspoti ya simu kwa dakika chache inatosha, mashine moja baada ya nyingine, hata ikibidi kuzibeba hadi kwenye mtandao unaoshika.

Intaneti ipo, ufunguo ni halali, bado haiamilishi.

Angalia tarehe. Betri ndogo ya CR2032 kwenye madabodi ikifa, saa hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika, na mawasiliano salama na seva hukataliwa kwa sababu vyeti huonekana havijaanza kutumika. Rekebisha saa, uamilishe, kisha badili betri. Ni kasoro ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo inayopoteza muda mwingi kuliko zote.

## Hali zisizo za kawaida

Kompyuta inasema iko katika S mode na inakataa programu zangu.

S mode ni hali inayokubali programu za Microsoft Store tu. Toka humo bila malipo kupitia Store hiyohiyo. Huwezi kurudi tena, na wengi hawana sababu ya kutaka.

Ninauza kompyuta yangu. Niondoe ufunguo?

Leseni ya OEM iache, ni sehemu ya mashine. Leseni ya rejareja unayotaka kubaki nayo iondoe kwa slmgr /upk, kisha slmgr /cpky ili ufunguo usisomeke, halafu uondoe kifaa kwenye akaunti yako. Mafaili yafute kwa Reset ukichagua kusafisha diski.

Nimenunua laptopu ya mtumba kutoka Ulaya. Baada ya kusakinisha upya inadai niingie kwa barua pepe ya kampuni nisiyoijua.

Mashine hiyo imesajiliwa kwenye Windows Autopilot (huduma ya Microsoft ya kampuni kuandaa na kusimamia kompyuta zake) ya mmiliki wa kwanza. Usajili uko kwenye seva na unatambua vifaa vya kompyuta, kwa hiyo kufuta diski hakuuondoi, na hata kubadili SSD hakusaidii. Mwenye uwezo wa kuuondoa ni kampuni ile au muuzaji aliyeisajili. Baadhi ya mafundi huukwepa kwa kusakinisha Home au kwa kukata intaneti wakati wa kuweka mfumo, lakini usajili hubaki palepale, na siku Pro itakaposakinishwa tena ikiwa na intaneti dai lile litarudi. Upo pia uwezekano kwamba mashine haikuuzwa kihalali. Mrudishie muuzaji ukiwa na risiti, na unaponunua nyingine mwambie aiwashe mbele yako, aifute kwa Reset, aiunganishe na intaneti, na mfike pamoja hadi kwenye skrini ya kutengeneza akaunti kabla hujatoa fedha.